Kagondo ipi? Njia nafuu za kutafuta soko kwa mfanyabiashara mdogo wa Kagera

Na Mwandishi Wetu, Kagera

Mgeni akielekezwa kwamba unga mzuri wa ndizi unapatikana Kagondo, hana budi kuuliza kwanza: Kagondo ipi? Iko Kagondo iliyo kata ya Manispaa ya Bukoba, na iko Kagondo ya Wilaya ya Muleba, inayofahamika kwa hospitali yake ya misheni. Kutoka moja hadi nyingine ni safari ya gari. Mteja aliyeshuka kwenye Kagondo isiyo yake hatapiga simu mara ya pili. Atanunua kwa yeyote atakayemkuta mbele yake na kurudi nyumbani.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza vizuri kwa nini wafanyabiashara wengi wadogo mkoani Kagera hukosa wateja ambao tayari wanawahitaji. Wengi wakisikia neno "masoko" hufikiria tangazo la redio, bango kubwa la barabarani au malipo ya kutangaziwa mitandaoni, kisha husema hawana fedha. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta soko hufanyika kabla ya tangazo lolote kulipiwa: bidhaa kuwa na jina, mahali pake kujulikana, kipimo chake kuaminika na mwenye nayo kupatikana anapotafutwa. Mambo hayo yanagharimu kidogo, na mengine hayagharimu chochote isipokuwa muda. Yasipokuwepo, fedha ya tangazo hupotea.

Kwa mujibu wa Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003, biashara yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni biashara ndogo sana, na inayoajiri watu 5 hadi 49 kwa mtaji usiozidi shilingi milioni 200 ni biashara ndogo. Makala haya yanalenga kundi la kwanza: mama anayekaanga senene, kikundi cha vijana kinachosaga unga wa ndizi, mchuuzi wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba, fundi cherehani, muuza mkaa mbadala. Kwa hawa, shilingi 50,000 iliyotumika vibaya inaweza kuwa ndiyo mtaji wa mwezi mzima.

Aidha, wapo wanaofanya biashara kwa fedha ambayo si yao. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo hauna riba, lakini una marejesho. Kikundi kinachojua kuzalisha na hakijui kuuza hujikuta kimejaza stoo huku tarehe ya marejesho ikikaribia, na fedha isiyorejeshwa ndiyo ambayo kikundi kingine kilikuwa kinaisubiri.

Hesabu kabla ya tangazo

Kabla ya kutumia hata senti moja kujitangaza, mfanyabiashara ajue faida yake kwa kila kipimo anachouza. Tuchukue mfano wa hesabu tu, kila mmoja aweke bei zake mwenyewe. Kikundi kinauza pakiti ya kilo 1 ya unga wa ndizi kwa shilingi 4,000. Ndizi, kumenya, kukausha, kusaga, kifungashio na usafiri vinagharimu shilingi 3,000. Kinachobaki ni shilingi 1,000.

Kikundi hicho kikitumia shilingi 50,000 kwa tangazo, lazima kiuze pakiti 50 za ziada ili kurudisha fedha hiyo peke yake. Pakiti hizo 50 ni zaidi ya zile ambazo kingeziuza hata bila tangazo. Je, kinao uwezo wa kuzizalisha? Zipo tayari? Kama jibu ni hapana, tangazo litaleta watu watakaoondoka mikono mitupu, na hao ni vigumu kuwarudisha.

Fedha hiyohiyo ikichapishiwa lebo 500 kwa shilingi 100 kila moja, mzigo wake ni shilingi 100 kwa pakiti, na kila pakiti inayotoka inakwenda na jina la kikundi na namba ya simu hadi jikoni kwa mteja. Itakaa pale wiki mbili au tatu, ikionwa na jirani anayekuja kuazima chumvi. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna tangazo linalomzidi huyo jirani.

Hesabu ya pili inahusu kupunguza bei, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wengi huikimbilia. Pakiti ya 4,000 ikishushwa hadi 3,500, mteja anaona amepunguziwa shilingi 500 tu, lakini muuzaji amepoteza nusu ya faida yake. Aliyekuwa akipata faida ya shilingi 60,000 kwa kuuza pakiti 60 sasa lazima auze 120 ili apate kiasi kilekile. Zaidi ya hayo, bei ikishuka ni shida kuipandisha tena.

Njia nyingine ni kumpa mteja pakiti moja ya nyongeza kila anapofikisha pakiti 10. Pakiti hiyo inamgharimu muuzaji shilingi 3,000, hivyo katika pakiti 10 zilizolipiwa anabaki na faida ya 7,000. Angepunguza bei kwa shilingi 500, angebaki na 5,000. Zawadi hiyo inamfikia mnunuzi wa kudumu peke yake, anayepita mara moja haipati. Kadi ndogo ya karatasi ngumu yenye miraba 10 ya kugongwa muhuri inatosha kuendesha mpango huo.

Jina na mahali

Bidhaa nyingi za Kagera huuzwa bila jina. "Unga wa ndizi," "senene za Bukoba," "dagaa wa Muleba" ni maelezo ya aina ya bidhaa. Hayamwelezi mteja ni nani aliyeitengeneza. Aliyependa ladha hawezi kuagiza tena kwa uhakika, na sifa ya aliyefanya kazi nzuri inaliwa na aliyelipua.

Ndugu zetu wa Bukoba wana mfano karibu kabisa. Kahawa inayoyeyuka inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini humo inatokana na kahawa ya mikoani kama ile ambayo babu zetu waliitafuna kwa karne nyingi. Kinachomwezesha mtu wa Dodoma kuiomba dukani bila maelezo marefu ni jina lililo kwenye kopo.

Jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa njia ya mtandao. Mwombaji anahitaji namba yake ya utambulisho ya NIDA, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali inayotolewa na mfumo wenyewe. Hakuna sababu ya kumpa fedha taslimu mtu anayejiita wakala. Kabla ya kuchapisha lebo, jina litafutwe kwanza kwenye mfumo kuona kama halijachukuliwa. Wapo waliochapisha lebo mia kadhaa ndipo wakaja kujua kwamba jina lina mwenyewe.

Hapa ipo tofauti ambayo wengi hawaifahamu. Kusajili jina la biashara kunaitambulisha biashara. Hakuzuii mwingine kutumia nembo inayofanana kwenye bidhaa zake. Ulinzi wa nembo hutolewa kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kwa usajili wa miaka 7 ya kwanza na kisha miaka 10 kila unapohuishwa. Kwa anayeanza, jina la biashara linatosha. Anayeona bidhaa yake imeanza kuigwa asichelewe hatua ya pili.

Baada ya jina ni mahali. Mwaka 2022 Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, ambapo barabara zilipewa majina na majengo namba. Mabango hayo yapo hadi vijijini, lakini ni wafanyabiashara wachache wanaoyatumia. Anayeandika kwenye lebo "Kagondo, Muleba" pamoja na jina la barabara na namba ya jengo amemwondolea mteja swali lililotangulia makala haya. Vilevile, kuiweka biashara kwenye ramani ya Google ni bure: mwenye biashara hujaza jina, huduma, saa za kufungua na namba ya simu, kisha huthibitisha kwamba ni yake. Msafiri anayetoka Mutukula kwenda Mwanza akitafuta chakula au fundi wa tairi njiani hutazama simu kabla ya kuuliza watu.

Kuhusu bango la barabarani, tahadhari ni muhimu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Bango lililosimamishwa ndani ya eneo hilo bila kibali linaweza kuondolewa, na gharama yake imepotea. Kibao kidogo kilichopigiliwa kwenye ukuta wa duka lenyewe, kikiwa na maneno machache yanayosomeka kutoka kwenye gari, kina manufaa zaidi. Hata hivyo, mwenye nacho aulize kwanza ofisi ya biashara ya halmashauri kuhusu ada.

Kifungashio, lebo na alama ya ubora

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Wapo waliolichukulia katazo hilo kama hasara. Kwa mwenye kuona mbali lilikuwa fursa: mfuko wa karatasi huandikika. Muhuri wa mpira wenye jina la biashara na namba ya simu, pamoja na wino wake, unaweza kugonga maelfu ya mifuko kabla ya kuchakaa.

Kwa bidhaa za chakula, lebo ni suala la sheria pia. Inapaswa kuonesha jina la bidhaa, viungo vilivyomo, uzito halisi bila kifungashio, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na namna ya kuhifadhi. Anayetengeneza lebo yake ya kwanza na kuacha mojawapo ya hayo atalazimika kuchapisha upya. Ni heri kuipeleka rasimu kwa maofisa kabla haijafika kwa mchapaji.

Udhibiti wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Duka kubwa la mjini, hoteli na shule huuliza alama ya ubora ya TBS kabla ya kuuliza bei, na asiyekuwa nayo hubaki kuuza barazani. Wajasiriamali wengi huogopa gharama ya alama hiyo bila kufahamu kwamba Serikali imeweka utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo bila malipo wanapoanza, kwa barua ya utambulisho kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1973 lina ofisi Bukoba, na mafunzo yake ya usindikaji na ufungashaji ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya maombi, wakaguzi hutazama eneo la uzalishaji na sampuli hupimwa maabara. Kinachowaangusha wengi ni jengo: chumba cha kusindikia kinachotumika pia kulala au kufugia kuku hakitapita, hata kama unga wenyewe ni mzuri.

Ikumbukwe kwamba kubandika alama ya TBS bila leseni ni kosa. Ni kosa pia kuandika kwenye lebo kwamba unga fulani "unatibu" kisukari au vidonda vya tumbo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na lebo hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wa kwanza dhidi ya mwenyewe. Kueleza kwamba unga umetokana na ndizi peke yake, haukuchanganywa na kitu, kunatosha na kunathibitishika.

Mizani

Ndizi mkoani Kagera huuzwa kwa mkungu, kwa kukadiria kwa macho, na dagaa kwa kopo au ndoo. Katika mauzo ya jirani kwa jirani desturi hiyo haina ugomvi. Ugomvi huanza mteja anapokuwa mbali. Aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba, hawezi kuuona mkungu wala kuona kama kopo limejazwa au limebonyezwa kitako. Anataka kilo.

Mfanyabiashara aliyenunua mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuonesha kwenye picha uzito unavyosomeka amefungua mlango wa soko ambalo jirani yake hawezi kuingia. Hapa kuna jambo zaidi ya kufuata sheria. Kipimo cha haki kinasimuliwa, na cha dhuluma kinasimuliwa zaidi. Wauza dagaa wanajua: dagaa waliokaushwa kwenye vichanja, wasio na mchanga, waliopimwa kwa haki, hawahitaji kupigiwa kelele sokoni. Mteja aliyetafuna mchanga jana ndiye anayewatafuta.

Simu ya mkononi

Programu ya WhatsApp Business hupatikana bure. Humwezesha mwenye biashara kuweka anwani, saa za kazi, orodha ya bidhaa zenye picha na bei, pamoja na majibu mafupi yanayojituma mteja anapoandika usiku. Wengi huishia kuweka picha kwenye stetasi. Hiyo nayo ni njia nzuri, ila ina sharti ambalo watu hawalizingatii: stetasi, na hata ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja, humfikia mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza mteja anapolipa ni kumwomba kwa adabu ahifadhi namba. "Mama, naomba unihifadhi, senene zikianza nitakujulisha." Sentensi hiyo haina gharama.

Picha ipigwe nje, asubuhi, kwa mwanga wa jua usio mkali, bidhaa ikiwa kwenye kitambaa au sahani safi. Picha zilizochukuliwa kwenye mtandao za bidhaa ya mtu mwingine ziepukwe. Mteja akipokea kitu tofauti ndiyo mwisho. Bei iandikwe wazi. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" inawachosha wanunuzi, na wengi huhisi kwamba bei inapangwa kwa kutazama sura ya anayeuliza.

Kwa malipo, lipa namba ina faida isiyotajwa sana. Mteja anapoingiza namba hiyo, jina la biashara hutokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Katika wakati huu ambapo ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" umewatia watu hofu, anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam kwenda Muleba hutulia akiona jina lilelile lililo kwenye lebo na kwenye WhatsApp. Majina matatu tofauti, moja la duka, jingine la lebo na la tatu la shemeji aliyesajili laini, humfanya aahirishe.

Namba za wateja nazo ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahitaji taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilokubali. Kumwingiza mteja kwenye kundi la mtandaoni bila kumuuliza, ambako namba yake itaonekana na watu 200 asiowajua, ni kumkosea. Kuuza orodha ya namba kwa mfanyabiashara mwingine ni kosa kubwa zaidi.

Kwenda walipo watu

Kagondo ya Muleba ina hospitali, na penye hospitali pana wauguzaji. Hawa hutoka vijiji vya mbali, wamelala kwenye mabenchi, na asubuhi wanahitaji uji wa moto, maji ya kuoga, sabuni na vocha. Mwenye kuuza unga wa ndizi anaweza kushirikiana na mama anayeuza uji karibu na eneo hilo: amuuzie unga kwa bei ya jumla, naye aandike kwenye ubao uji huo umetokana na unga gani na unapatikana wapi. Wauguzaji wakirejea kwao hulipeleka jina hilo katika vijiji ambavyo mwenye unga hajawahi kufika. Kwa kuwa ni eneo la wagonjwa, utaratibu wa uongozi wa hospitali uheshimiwe. Kupiga kipaza sauti langoni hakumpi mtu sifa njema.

Kuonjesha ni desturi ya Wahaya tangu zamani. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Mfanyabiashara anayetoa kijiko cha senene au kikombe kidogo cha uji sokoni anafuata desturi hiyohiyo, na gharama yake inahesabika: kilo moja ya unga ni shilingi 3,000 katika mfano wetu, na hutoa vikombe vidogo vingi. Ahesabu vikombe alivyotoa na pakiti alizouza siku hiyo, apate kujua kama inalipa.

Senene wanahitaji maelezo yao. Msimu mkubwa huwa Novemba na Desemba, na mdogo miezi ya Aprili na Mei. Wakati wa msimu kila mtu anazo na bei huanguka. Anayekausha vizuri na kufungasha kwa usafi ana bidhaa Februari, wakati mwana wa Kagera aliyeko Dar es Salaam au Arusha anazitamani na hazioni. Soko hilo la ndugu walio mbali ndilo lenye thamani kubwa, na njia yake ipo: basi. Mzigo ukatiwe risiti, uandikwe jina na simu ya mpokeaji pande mbili, na picha ya risiti itumwe kwa mteja kabla gari halijaondoka. Basi likifika kituo cha Magufuli, Mbezi, mpokeaji awe anajua analofuata. Baada ya hapo muuzaji apige simu kuuliza kama umefika salama. Wengi hawafanyi hivyo.

Redio za mkoani, kama Kasibante FM ya Bukoba, bado zinasikilizwa majumbani, sokoni na kwenye bodaboda, na siyo kwamba hazifai. Suala ni wakati. Anayeamua kulipia aombe orodha ya bei, achague kipindi ambacho wateja wake husikiliza, na anunue matangazo mafupi yanayorudiwa kwa siku kadhaa mfululizo wakati stoo imejaa. Tangazo moja la gharama kubwa husikika mara moja na kusahaulika. Maonesho ya Nanenane nayo yana faida, hasa vikundi vikichangia banda moja. Atakayerudi na daftari lenye namba za wateja waliokubali kuandikwa amepata zaidi ya aliyerudi na fedha ya siku peke yake.

Kahawa mbichi haimo katika ushauri huu. Uuzaji wake una utaratibu wa kupitia vyama vya msingi, na butura, yaani kuuza kahawa ingali shambani, hairuhusiwi hata ikitangazwa kwa maneno mazuri kiasi gani.

Daftari

Kila njia iliyotajwa inaweza kufaa kwa mmoja na isifae kwa mwingine. Kinachotofautisha ni kumbukumbu. Mteja mpya anapofika aulizwe swali moja: "Umetufahamu kwa njia gani?" Jibu liandikwe: lebo, jirani, WhatsApp, redio, kibao. Baada ya miezi mitatu daftari litaonesha fedha iende wapi. Vilevile yaandikwe malalamiko. Mteja aliyelalamika na kubadilishiwa pakiti yake bila maneno makali huwa mtangazaji bora kuliko aliyeridhika tangu mwanzo, kwa kuwa ana kisa cha kusimulia.

Wanaohitaji msaada waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao kwa masuala ya vikundi na mikopo, na kwa Afisa Biashara wa halmashauri kwa leseni na ada za mabango. Kwa SIDO, Bukoba, mjasiriamali aende na kitambulisho cha Taifa, hati ya usajili wa jina kama anayo, sampuli ya bidhaa katika kifungashio anachotumia sasa na rasimu ya lebo, ingawa imeandikwa kwa mkono. Ofisa atayasoma mapungufu yake papo hapo, kabla mjasiriamali hajalipia uchapaji.